Kuchagua kaptula isiyopitisha maji kwa baiskeli ya milimani wakati wa baridi: anzia kwenye makalio

Dar es Salaam hunyesha kuliko Sheffield, mji wa Uingereza ninakoishi. Kwa mwaka Dar hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua, Sheffield mia nane na kitu. Nilipohamia huku nilijiona mtoto wa masika, sina cha kuogopa, nikatoka na baiskeli mwezi wa Desemba nimevaa bukta ya kuchezea mpira. Sikujua tofauti. Mvua ya kwetu hupiga, ikaondoka, na jua likatoka kukausha. Ya huku ni manyunyu ya siku tatu mfululizo, nyuzijoto 4, na ardhi isiyokauka tangu Novemba hadi Machi. Baada ya saa moja makalio yalikufa ganzi. Saa ya pili niliilipia wiki nzima, kwa michubuko ambayo adabu hainiruhusu kuieleza.

Tangu siku ile nimenunua kaptula nne za mvua, na mbili kati ya hizo zilikuwa hasara tupu. Kosa langu lilikuwa lilelile mara zote mbili: nilichagua kaptula kama mtu anayechagua koti, nikitazama juu. Kwenye baiskeli ya milimani maji mengi yanayokulowesha hayatoki mawinguni. Hutoka chini. Tairi la nyuma huyachota kwenye dimbwi, hulizungusha tope lote na kulitupa pale unapokalia. Siku ambayo mvua imeshakatika tangu asubuhi utarudi nyumbani umelowa sehemu moja tu, na majirani wataiona.

Hatua ya 1: Kabla ya kaptula, funga madigadi

Najua umekuja kusoma habari za nguo. Lakini madigadi ndefu ya nyuma hugharimu sehemu ndogo ya bei ya kaptula na hupunguza kazi ya kaptula kwa zaidi ya nusu. Iwe ndefu kweli, ifuate mzunguko wa tairi hadi nyuma kabisa. Vile vipande vifupi vinavyobanwa chini ya kiti husaidia kidogo, ila ukiwa na kiti kinachoshushwa kwa kitufe, hakikisha havigusi tairi kiti kikishuka. Mimi kimoja kilimezwa na tairi kwenye mteremko wa kwanza.

Ya mbele nayo ni muhimu, ndogo tu ya plastiki, kwa ajili ya macho na mapaja.

Hatua ya 2: Amua kama unahitaji kaptula au suruali

Wengi huuliza kwa nini kaptula, wakati ni baridi. Jibu liko kwenye miguu. Mguu wa mwendeshaji hufanya kazi muda wote na hutoa joto. Ukiufunika wote kwa kitambaa kisichopitisha maji utalowa kwa jasho badala ya mvua. Kaptula hulinda makalio, nyonga na mapaja, halafu huacha vigimbi vipumue. Ngozi yenyewe haipitishi maji, na hukauka haraka kuliko kitambaa chochote. Suruali pia ina upindo karibu na cheni.

Mpaka wangu ni nyuzijoto 5. Juu ya hapo kaptula na soksi ndefu za sufu zinanitosha. Kati ya 2 na 5 naongeza taiti za kubana chini ya kaptula, au kinga za magoti, ambazo zenyewe hupasha joto. Chini ya 2, na hasa kukiwa na upepo wa mlimani, navaa suruali na simwonei mtu haya. Goti lililopoa huuma kwa namna ya pekee.

Mwislamu anayezingatia stara ya kitovu hadi goti hahitaji kuhangaika: nyingi za kaptula hizi hufika goti likiwa limenyooka, na taiti chini yake humaliza suala goti linapokunjwa. Kwa akina dada wanaotaka kujisitiri zaidi, suruali ya mvua yenye mguu mwembamba chini ni chaguo bora kuliko kuvaa nguo tatu juu ya nyingine.

Hatua ya 3: Soma namba za lebo kwa hesabu ya makalio

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Kwenye lebo utakuta namba kama 5,000, 10,000 au 20,000, pengine imeandikwa kwa kifupi 10K au 20K. Hizo ni milimita. Maabara huchukua kipande cha kitambaa na kukiwekea nguzo ya maji, ikiongezwa kimo polepole mpaka matone yatokeze upande wa pili. Kitambaa cha 10,000 kimestahimili nguzo ya maji yenye kimo cha mita 10. Mtu akisikia mita 10 huona ni nyingi mno, mvua gani hiyo? Na ni kweli, mvua ya kawaida haina msukumo huo. Ila wewe hupigwi na mvua tu. Unakalia kitambaa kilicholowa, ukakigandamiza kwenye kiti chenye tope.

Piga hesabu pamoja nami. Nguzo ya maji ya mita 10 husukuma kwa takribani kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Mwendeshaji wa kilo 75 akiwa ameketi anapanda mlima huacha sehemu ya uzito wake kwenye pedeli na kwenye usukani. Tuseme kilo 50 zinabaki kwenye kiti. Kilo hizo hazisambai kiti kizima. Hubebwa zaidi na ile mifupa miwili ya makalio, na nikikadiria eneo lote la mgandamizo napata kama sentimita za mraba 60. Hamsini ukigawanya kwa sitini ni 0.83. Hiyo ni sawa na nguzo ya maji ya mita 8.3, au kwa lugha ya lebo, 8,300. Na hapo hujapita kwenye jiwe wala mzizi.

Sasa unaona kwa nini kaptula yangu ya kwanza, ya 5,000, ilivuja chini na haikuvuja popote pengine. Muuzaji aliniapia kwamba "haipitishi maji kabisa". Kwa mtu aliyesimama kituoni akingoja basi alisema kweli.

Kwa hiyo kwa kiti cha baiskeli, 10,000 ndiyo sakafu. Kati ya 15,000 na 20,000 unakuwa na akiba, na akiba unaihitaji kwa sababu kitambaa huchakaa. Huku kwetu Peak District, milima iliyo karibu na Sheffield, mwamba wake ni mchanga mgumu uliokuwa ukichongwa mawe ya kusagia nafaka. Hadi leo mawe ya duara yaliyotelekezwa yamelala chini ya majabali ya Stanage. Mchanga huohuo ndio unaorushwa na tairi, ukaingia kati ya kiti na kaptula yako, nawe ukakaa juu yake ukipiga pedeli maelfu ya mara. Unasaga. Sehemu ya makalio ya kaptula huisha wakati mapaja bado mapya, ndiyo maana kaptula nzuri huwa na kitambaa kinene zaidi hapo nyuma.

Namba ya pili kwenye lebo ni ya kupumua: gramu za mvuke zinazoweza kupita kwenye mita moja ya mraba kwa saa 24. Hii isikutie wazimu. Maabara hutumia njia tofauti za kupima, na 20,000 ya kampuni moja si lazima ilingane na 20,000 ya nyingine. Itumie kulinganisha kaptula za kampuni moja. Ikiwa chini ya 10,000, tarajia kuchemka mlimani.

Kuna pia kaptula za nusu kwa nusu, ambazo nyuma ni kitambaa cha mvua na mbele ni kitambaa laini kinachovutika, kimewekwa dawa ya kufukuza maji tu. Endura, kampuni ya Scotland iliyoanza mwaka 1993, inayo ya namna hiyo katika mfululizo wake wa MT500, pamoja na ile isiyopitisha maji pande zote. Kwa siku za matope bila mvua kubwa, ambazo ndizo nyingi, mimi huvaa ya nusu kwa nusu kuliko nyingine zote. Ukiweza kumudu moja tu na unaishi upande wa magharibi wa Uingereza wenye mvua, Wales, Lake District au Fort William, chukua kamili.

Hatua ya 4: Uliza tabaka

Kinachozuia maji ni utando mwembamba sana uliogandishwa nyuma ya kitambaa. Ule maarufu, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, alipouvuta ghafla mkanda wa plastiki ya PTFE uliopashwa moto ukatanuka na kujaa vitundu vidogo mno. Siku hizi nyingi za kaptula hutumia tando za poliyurethani, na nyingine ni nzuri tu. Usilipie jina peke yake.

Angalia jinsi utando ulivyolindwa upande wa ndani:

- Tabaka mbili: utando uko wazi, na ndani kuna bitana ya wavu inayoning'inia. Ni ya bei rahisi, lakini bitana hulowa, hunasa kwenye kinga za magoti na huchelewa kukauka.
- Tabaka mbili na nusu: utando umepakwa rangi au vijidoti vya ulinzi. Nyepesi, hukunjika ikaingia mfukoni. Shida ni kwamba ukivaa kaptula paja lako liko tupu, na kitambaa hiki hunata kwenye ngozi yenye jasho kama mfuko wa plastiki.
- Tabaka tatu: utando umebanwa katikati, na ndani kuna kitambaa chembamba cha kugusa mwili. Ni ghali zaidi na ndiyo ninayopendekeza. Kwa koti unaweza kubishana nami, kwa sababu ndani ya koti una shati. Kwenye paja tupu sibishani.

Hatua ya 5: Igeuze ndani nje ukiwa bado dukani

Utando mzuri usio na mshono uliozibwa ni sawa na ndoo nzuri iliyotobolewa. Kila mahali sindano imepita pana tundu. Ndani utaona tepu nyembamba inayong'aa ikifuata mshono. Ifuate kwa kidole kuanzia kiunoni, pita msambani, mpaka upindo. Lebo ikisema mishono "muhimu" tu ndiyo imezibwa, tafuta ni ipi waliyoiona muhimu. Kama ile ya makalioni haimo, irudishe rafuni.

Kisha tazama mishono inakutania wapi. Kaptula nyingi za mjini zina mishono minne inayokutana katikati kabisa ya msamba, yaani juu ya kiti. Hapo huchubua, na hapo tepu hubanduka kwanza. Ya baiskeli huwekwa kipande kizima cha kitambaa msambani, mishono ikasogezwa pembeni. Hiki ni kipimo cha sekunde tano, na kimeniokoa mara nyingi kuliko lebo zote.

Zipu ya mbele iwe na kifuniko au iwe ya aina iliyopakwa mpira. Mifuko ya nyuma isiwepo kabisa. Mifuko ya pembeni iwe na zipu, midogo, ya funguo na kadi. Simu ikae mgongoni au kwenye koti, kwa sababu ukianguka ubavu paja ndilo hufika chini kwanza.

Kaptula nyingine zina zipu ndefu za pajani za kuingiza hewa. Nazipenda zikiwa upande wa nje na zikifunguka kuelekea nyuma. Zikikaa mbele, tairi la mbele hulenga humohumo.

Hatua ya 6: Ivae, kisha upande baiskeli

Usijipime ukiwa umesimama mbele ya kioo. Kioo hakina kiti. Nenda dukani na ile kaptula ya ndani yenye sponji na kinga za magoti unazotumia, uombe kukalia baiskeli mojawapo. Duka la baiskeli likikukatalia hilo, ondoka.

Ukiwa umeketi na kuinama kama unapanda mlima, peleka mkono nyuma. Kiuno cha nyuma kinapaswa kuwa kirefu kuliko cha mbele na kibaki kimegusa mgongo. Kikiacha pengo, maji ya tairi yataingia hapo na kuteremka ndani, na namba zote tulizosoma zitakuwa bure. Vibano vya velkro vya pembeni ni bora kuliko lastiki tupu, maana uzito wa matope huivuta kaptula chini.

Piga pedeli goti lipande juu kabisa. Upindo usipande ukaacha ngozi wazi kati yake na kinga ya goti. Pengo hilo ndilo hugeuka mfereji. Halafu simama kwenye pedeli, sogea nyuma ya kiti, rudi ukae. Kitambaa cha msamba kikining'inia sana kitanaswa na pua ya kiti wakati wa kurudi. Kwenye vijia vya Lady Cannings, hapa Sheffield, nilinaswa hivyo katikati ya kona, nikaketi kichakani. Kaptula pana haimaanishi kaptula inayoning'inia.

Saizi: kaptula za mvua hazivutiki sana. Ukiwa kati ya saizi mbili chukua kubwa, ubane kiuno. Dada zangu, tafuteni iliyokatwa kwa ajili ya wanawake. Ya kiume ikienea nyonga hubaki wazi kiunoni, na tumeshaona pengo la kiunoni linaleta nini.

Na usinunue kubwa kwa mawazo kwamba fundi cherehani atakupunguzia. Fundi wako anaweza kuwa hodari kuliko wote, sindano yake bado ni sindano. Kila tundu atakalotoboa ni njia ya maji.

Hatua ya 7: Ijaribu mapema, risiti ikiwa mkononi

Kwa mlioko Uingereza: ukinunua mtandaoni una siku 14 tangu upokee mzigo za kubadili mawazo, ilimradi hujaitumia zaidi ya kuipima kama ungefanya dukani. Bidhaa ikiwa na kasoro, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa yako yote, iwe umenunua dukani au mtandaoni. Watu wengi wananunua kaptula Septemba kwa sababu ya punguzo, wanaivaa mara ya kwanza Desemba, na siku hizo 30 zimepita zamani.

Baada ya kuridhika kwamba inakuenea, fanya jaribio la sebuleni. Lowesha taulo, likamue kidogo, liweke juu ya stuli ngumu. Vaa kaptula juu ya kitu cha pamba chenye rangi ya kijivu, kinachoonyesha unyevu upesi, kisha ukae pale dakika 15 ukijisogezasogeza. Mke wangu aliuliza kama nimechanganyikiwa. Kaptula yangu ya tatu ilifeli jaribio hilo kwenye mshono wa kushoto, tepu haikushika vizuri kiwandani, na duka likanirudishia pesa bila maneno.

Bei za dukani hucheza kati ya pauni 60 na 150. Punguzo la kweli huja Februari na Machi, maduka yanapotaka nafasi ya nguo za kiangazi.

Hatua ya 8: Ya ndani ni muhimu kama ya nje

Chini yake vaa kaptula ya kubana yenye sponji, bila chupi. Najua inasikika vibaya, lakini mshono wa chupi iliyolowa jasho ndio chanzo cha vidonda vingi vya baiskeli. Ukimaliza safari ivue mara moja. Usiende mkahawani nayo ukakaa saa nzima ukinywa chai, hata kama wenzako wote wanafanya hivyo.

Tahadhari moja kuhusu soksi zisizopitisha maji. Maji yanayoteremka kutoka kwenye upindo wa kaptula hufuata kigimbi na kuingia soksi kwa juu, na soksi isiyoingiza maji haiyatoi pia. Utakuwa unaendesha baiskeli na ndoo mbili miguuni. Vaa zenye ukingo unaobana, au rudi kwenye sufu, ambayo hulowa lakini hubaki na joto.

Hatua ya 9: Kufua, mahali ambapo kaptula nyingi huuawa

Kuna siku utarudi umelowa ndani na kusema kaptula imeanza kuvuja. Mara nyingi haijavuja. Kitambaa cha nje hupakwa dawa inayofanya maji yajikunje kuwa matone na kuteleza. Dawa ikichoka au ikizibwa na tope, kitambaa cha nje hunywa maji, mvuke wa jasho hauna pa kutokea, na jasho hugeuka maji ndani. Utando bado mzima. Umezibwa mlango tu.

Kaptula mpya zinahitaji uangalizi zaidi kwa hili. Dawa za zamani zilikuwa na kemikali za PFAS, ambazo hazioziki na zinazidi kupigwa marufuku. California imeanza kuziwekea mipaka kwenye nguo tangu Januari 2025. Dawa mbadala hufukuza maji vizuri lakini haziwezi mafuta. Grisi ya cheni, mafuta ya mwili, krimu, vyote huiua. Kwa hiyo ile imani kwamba nguo za mvua hazifuliwi iache.

Tope lisuuze kwa maji baridi ya bomba ukifika tu. Usijielekezee ule mpira wa kuoshea baiskeli wenye kasi. Msukumo wake hupita namba zote za lebo na hubandua tepu. Funga zipu zote, fua kwa nyuzijoto 30 kwa sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa nguo za namna hii, kama ya Nikwax, na usuuze mara mbili. Dawa ya kulainisha nguo ni mwiko. Lebo ikiruhusu, ikaushe kwenye mashine kwa moto mdogo kama dakika 20, kwani joto huiamsha dawa iliyolala. Kisha mwagia maji kidogo. Yakijikunja na kuteleza, salama. Yakienea na kitambaa kikawa cheusi, ndipo upake dawa mpya ya kupulizia, ukianza na makalioni.

Kama unanunua mtumba

Nguo za mvua kutoka Ulaya hufika soko la Gikomba, Nairobi, na hufika soko la Memorial pale Moshi, na nyingine ni za daraja la juu. Mwezi uliopita binamu yangu aliyeko Moshi alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimekuta kaptula ya baiskeli ya mvua, tabaka tatu, anataka elfu nane. Nichukue?"

"Marahaba. Unakwenda kuendeshea wapi?"

"Hapahapa mjini, na huko Marangu masika yakianza."

Nikamwambia kwa mvua ya Moshi mjini asihangaike. Kukiwa na nyuzijoto 22 kaptula hii ni jiko; bukta nyepesi inayokauka upesi inamtosha, kama inavyomtosha anayezunguka msitu wa Karura kule Nairobi. Mambo hubadilika ukipanda. Njia ya Kilema, ile inayotumiwa na baiskeli kupanda Kilimanjaro, inafika kambi ya Horombo kwenye mita 3,720, na huko mvua yake ni ya Sheffield kabisa. Akasema ndiyo ndoto yake.

Basi nikampa vipimo vya mtumba. Igeuze ndani. Ukiona magamba meupe yanapukutika kama ngozi iliyoungua jua, utando umekufa na hakuna dawa. Kuna malengelenge, ina maana gundi imeachia. Vuta tepu kwa ukucha. Ikiinuka kwa urahisi, acha. Inuse, maana poliyurethani inayooza hunuka kama matapishi ya mtoto. Mwisho ishike mbele ya jua uangalie makalioni: kama mwanga unapenya kwa vijidoti pale na si pajani, mchanga umeshafanya kazi yake.

Baada ya robo saa akatuma picha. Mapaja yalikuwa mazima kabisa. Makalioni palikuwa na magamba. Akaipata kwa elfu mbili, akakata kitambaa cha mapaja, na sasa amekifunga kwa lastiki juu ya kiti cha baiskeli yake, kisilowe anapoiegesha nje.